Fundi wa Fremu Sitini

Kompyuta ya gemu ya bei nafuu huanza maisha yake ofisini. Mara nyingi ni Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre: nyeusi, nzito, haina hata taa moja ya mapambo. Imekaa miaka chini ya meza ya mhasibu huko Uingereza au Ujerumani ikifungua barua pepe na majedwali ya hesabu. Siku kampuni ilipobadilisha mashine zake, ikapakiwa kwenye kontena na wenzake, ikashushwa Mombasa au Dar es Salaam, nyingine zikiwa zimepitia kwanza kwa wafanyabiashara wa Dubai. Nairobi inauzwa kwa jina la "ex-UK". Dar watu wanaiita used, na biashara inaendelea. Hapo ndipo inapoangukia mikononi mwa mtu ambaye nimekusudia kumsifu.

Huyo ni fundi anayeigeuza mashine ya ofisi kuwa mashine ya gemu. Duka lake ni dogo, meza moja na kabati la kioo, kwenye korido ya jengo la Kariakoo, Dar, au kando ya Luthuli Avenue, Nairobi. Juu ya meza kuna blowa ya kupulizia vumbi, bisibisi yenye sumaku, chupa ya alkoholi, kopo la skrubu zilizobaki kwenye kazi za nyuma. Kijana anaingia na pesa aliyodunduliza, anasema anataka mashine ya kucheza GTA V na eFootball bila kuganda. Muuzaji wa kawaida angemwonyesha bei. Fundi ninayemsema anaanza na swali: "Mdogo wangu, skrini yako ya ukubwa gani?"

Swali hilo ndilo msingi wa kazi yote. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600. Ile ya 1366 kwa 768 ina nukta 1,049,088, yaani karibu nusu. Kila fremu, nukta zote hizo zinapakwa rangi upya, na ili mchezo uende laini mbele ya macho zinatakiwa fremu 60 kwa sekunde. Kwa hesabu hiyo kadi ya grafiki ina milisekunde 16.7 tu za kumaliza picha nzima, majani ya uwanja, vivuli, jezi na umati wa jukwaani, kisha ianze nyingine. Kijana mwenye monita ndogo akiuziwa kadi kubwa, atakuwa amelipia nguvu ambayo skrini yake haina pa kuionyesha. Mwenye monita kubwa akipewa kadi dhaifu, atarudi dukani kesho yake amenuna. Fundi anapima kazi kwanza, halafu ndipo anaitafutia mashine.

Baada ya skrini inakuja mizania, na kwangu hapa ndipo ulipo uzuri wa ufundi huu. Ndani ya kompyuta hakuna kifaa kinachofanya kazi peke yake. Prosesa inaamua mpira umegonga mwamba au umepita, gari limepinduka au limesimama. Kadi ya grafiki inachora kilichoamuliwa. Prosesa ikichelewa, kadi inakaa inasubiri, na pesa iliyotumika kuinunua inasubiri nayo. Ramu ina siri yake. Kipande kimoja cha GB 16 na vipande viwili vya GB 8 vinaandikwa sawa kwenye risiti, lakini viwili vikikaa kwenye nafasi zake vinafungua njia mbili za kupitisha data kwa wakati mmoja, na kwenye gemu zinazoibana prosesa tofauti inaonekana. SSD inafanya gemu ifunguke haraka na ramani ipakie bila mtu kwenda kuchemsha chai, ila haiongezi fremu. Fundi mwaminifu analisema hilo waziwazi, hata kama kabati lake limejaa SSD za kuuza.

Kuna maarifa ambayo hayapatikani ila kwa kufungua mashine nyingi. OptiPlex 5040 na OptiPlex 7040 ni ndugu wa kizazi kimoja cha prosesa, na ukizitazama kwa mbele unaweza kuapa ni pacha. Lakini 5040 inatumia ramu ya DDR3L na 7040 inatumia DDR4, na ramu ya moja haiingii kwa mwenzake. Mteja aliyenunua 5040 kwa sababu ilikuwa na punguzo atakuja kutafuta ramu ya kizazi kinachoishilia. Fundi anajua hilo kabla hajafungua skrubu, anasoma namba iliyobandikwa ubavuni na anatabasamu au anatikisa kichwa.

Sasa tuje kwenye umeme, maana ndiko wengi wanakoharibu. Nafasi ya PCI Express inayobeba kadi ya grafiki kwenye mazabodi inatoa wati 75, si zaidi. Kadi inayotaka kuzidi hapo inahitaji waya wake kutoka kwenye pawa saplai. Mashine ya ofisi kwa kawaida haina waya huo, na pawa saplai yake ilipimwa kwa ajili ya majedwali. Mbaya zaidi, watengenezaji wengi wa mashine za ofisi waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 wakaweka za kwao, kwa hiyo huwezi kuchomoa pawa saplai ya zamani na kuchomeka mpya hivi hivi, unahitaji adapta. Pale anayejenga kwa pesa nyingi anapobadilisha kila kitu, anayejenga kwa pesa kidogo anabaki ndani ya wati 75 na kutafuta kilicho bora ndani ya mpaka huo.

Na kilicho bora kipo. Kadi ya GTX 750 Ti ya 2014 ilikuwa inakula wati 60 tu, ikawafungulia watu wengi duniani njia ya kugeuza mashine za ofisi. GTX 1050 Ti ilitoka Oktoba 2016 ikiwa na kumbukumbu ya GB 4, kwa dola 139 za Marekani, ikakaa kwenye wati 75. GTX 1650 ikafuata Aprili 2019 kwa dola 149, nayo imepangwa kwa wati 75, ingawa baadhi ya watengenezaji waliiongezea tundu la umeme la pini 6, kwa hiyo ni lazima uitazame kadi yenyewe badala ya kuamini jina lake. Kwenye keisi nyembamba, zile za SFF, kuna sharti lingine: kadi iwe fupi kwa kimo. Nimeona kijana akibishana kwamba kubadilisha bamba la nyuma kunatosha. Hakutoshi, ubao wenyewe ndio mrefu.

Kuna mtego mwingine ambao unamtofautisha fundi anayesoma na fundi anayesikia. Kadi ya RX 6400 ya 2022 inakula wati 53 tu, na matoleo yake mafupi yanaingia kwenye keisi nyembamba bila taabu. Ukiitazama kwa namba hizo ni jibu la maombi. Lakini inazungumza na mazabodi kwa njia 4 pekee, na ilisanifiwa kwa kizazi cha nne cha PCI Express. Ukiiweka kwenye mashine yenye PCI Express ya kizazi cha tatu, kila njia inapitisha nusu ya data, na kwenye gemu zinazojaza kumbukumbu ya kadi unaona fremu zikishuka ghafla. Kadi ya zamani ya njia 16 inaweza kumhudumia mteja huyo vizuri zaidi. Anayelinganisha mwaka wa kutoka na bei peke yake hawezi kulijua hilo.

Kwenye soko la kadi zilizotumika fundi anageuka kuwa mpelelezi. Kati ya 2020 na 2021 kadi ziliadimika dunia nzima, wachimbaji wa sarafu za kidijitali wakizinunua kwa mafungu. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum, moja ya sarafu hizo, iliacha mfumo uliotegemea kadi hizo, na kadi zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagika sokoni. RX 580 ni mfano mzuri. Ni kadi ya heshima ya 2017, lakini iliyotoka machimboni inaweza kuwa na feni zilizochoka na programu yake ya ndani imebadilishwa kwa ajili ya uchimbaji, na inabidi irudishiwe ya asili. Tena ipo RX 580 iliyoandikwa 2048SP, ambayo kwa uwezo ni RX 570 iliyovalishwa jina kubwa. Halafu kuna kadi bandia kabisa: kadi ya zama za GTX 550 Ti iliyochezewa ili kompyuta iisome kama GTX 1050 Ti. Fundi anaiwasha, anafungua GPU-Z, na programu hiyo inaitia alama kwamba ni ya uongo. Mwingine haendi hata huko. Anaishika kadi, anaangalia matundu ya nyuma, akiona tundu la VGA la zamani mahali lisipotakiwa kuwepo, anairudisha juu ya meza bila kusema neno. Hilo ni jicho, na jicho hilo linastahili sifa sawa na la mtu yeyote anayetambua dhahabu.

Wapo wanaosema hii si kazi ya ubunifu kwa sababu vyote vilitengenezwa kwingine. Siwaelewi. Fundi cherehani anayepokea koti la mtumba lililoshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, akalifumua mabega na kulirudishia kwa kipimo cha mteja wake, tunamwita fundi bila kusita. Huyu naye anafumua. Anaondoa diski ya zamani inayolia, anasogeza au kung'oa kibweta chake ikiwa kinagusa kadi, anavuta nyaya nyuma ili hewa ipite, anageuza feni itoe joto badala ya kulizungusha. Kilichotoka kiwandani kwa kazi ya ukarani kinatoka kwake kwa kazi nyingine kabisa, ambayo mtengenezaji wa kwanza hakuiwazia.

Saa ninayoipenda zaidi ni ya usafi. Mashine iliyokaa ofisini miaka mingi ina vumbi lililoshikamana kama sufu ndani ya mapezi ya hitsinki. Fundi anaishika feni kwa kidole isizunguke, anapuliza. Anafungua hitsinki, na ile krimu ya kupitisha joto imekauka, imekuwa unga. Anaifuta kwa alkoholi mpaka uso wa prosesa unang'aa, anaweka krimu mpya kidogo katikati, anaifunga hitsinki skrubu moja moja kwa kupishana pembe ili ikae sawa. Kazi hii haiongezi hata mstari mmoja kwenye orodha ya vifaa vilivyonunuliwa. Lakini prosesa inayochemka hujipunguzia kasi ili isiungue, na mteja asiyejua atadhani anahitaji mashine mpya. Mafundi wengi wanalipwa kidogo sana kwa kazi hii ya dakika thelathini, na mimi naona ndiyo inayostahili malipo mazuri kuliko yote.

Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, fundi mwenye utu hamruhusu mteja aondoke bila kuzungumzia stabilaiza au UPS. Na mteja akilazimika kubadilisha pawa saplai, anaonywa juu ya zile nyepesi zenye stika ya wati 500. Fundi anainyanyua moja mkononi, anampa mteja nyingine halisi alinganishe uzito, na kijana anaelewa mwenyewe. Bora wati 350 za kweli. Wazazi wakiuliza, waambiwe: mashine hii hii itahariri video na kuchora ramani za nyumba kwa mwanafunzi wa usanifu, kwa hiyo pesa haikutupwa kwenye mchezo peke yake, ingawa sioni aibu yoyote kwa mtoto kutaka kucheza.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma za kawaida za Windows 10. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, kwa hiyo ofisi za Ulaya na Marekani zina sababu ya kuondoa mashine za kizazi cha sita na cha saba zikiwa bado nzima. Hizo zitakuja kwetu. Baadhi ya mafundi wanaziwekea Linux, na tangu kampuni ya Valve ilipoleta programu ya Proton mwaka 2018 gemu nyingi za Windows zinacheza humo, isipokuwa baadhi ya zile zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, na hilo mteja aambiwe kabla hajalipa.

Kijana aliyeingia dukani mwanzoni ameshapata mashine yake: OptiPlex 7040 yenye prosesa ya i5-6500, ramu mbili za GB 8 na GTX 1650. Fundi anamwambia asirudi kesho, arudi akipata pesa. Soketi ile ile inapokea i7-6700, yenye viini vinne kama i5 lakini nyuzi nane za kazi badala ya nne, na kwa gemu mpya zinazoibana prosesa hiyo ndiyo hatua yenye maana kabla ya kufikiria mashine nyingine. Na ile i5 itakayotolewa fundi ataichukua kwa punguzo la bei, kwa sababu kuna 5040 kwenye rafu ya chini, ina i3 na ramu ya DDR3L aliyoitafuta mwezi mzima, na kuna mteja mwingine, wa mtaa wa pili, ambaye skrini yake ni ya 1366 kwa 768.