Kifungu cha 66: Katazo Bila Adhabu

Andiko la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 lilikiri jambo ambalo wengi walipenda kulifumbia macho: kwamba katika jamii yetu ya jadi mwanamke alifanya kazi kupita fungu lake, na kwamba aliweza kuonewa na kutiishwa. Miaka minne baadaye Sheria ya Ndoa ya 1971, katika kifungu cha 66, ilitangaza kwamba, mila ziseme zisemavyo, hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Hiyo ilikuwa hatua ya kimapinduzi.

Lakini kazi yetu si kusifu tu. Kifungu hicho kinakataza bila kutaja adhabu. Aliyepigwa hulazimika kukimbilia Kanuni ya Adhabu, ambako shambulio la kudhuru mwili lina kifungo kisichozidi miaka 5. Huko mara nyingi hukutana na kasumba ile ile: anaambiwa hayo ni mambo ya nyumbani, arudi wakayamalize. Akitaka talaka, kwa kawaida sharti apitie kwanza baraza la usuluhishi la ndoa, akae mbele ya wazee na aliyempiga kana kwamba wote wawili wamekoseana. Nayo Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 humlinda mke asibakwe na mumewe pale tu wanapokuwa wametengana.

Wako wanaodai kwamba dola haina kazi chumbani mwa watu. Hoja hiyo haina msingi. Dola hiyo hiyo huandikisha ndoa, huivunja, na hugawa mali iliyochumwa pamoja. Inakuwaje iingie ndani kuhesabu mabati, lakini kipigo kikisikika ibaki uani?

Wala wajibu huu si hisani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na Itifaki ya Maputo mwaka 2007. Mwaka 1992 kamati ya mkataba huo ilifafanua kwamba serikali huweza kuwajibika hata kwa vitendo vya mtu binafsi, isipofanya bidii ipasavyo kuvizuia, kuvichunguza na kuviadhibu.

Kwa hiyo basi, hapana budi adhabu iandikwe ndani ya katazo lenyewe, na ulinzi wa mke usingoje atengane na mumewe. Na kada anayemrudisha aliyepigwa kwa mpigaji ajue kwamba hapatanishi, anashiriki.