Bikini, Merikani na Upungufu wa Etimolojia ya Kamusi

Kusema kwamba bikini ni neno lililotoholewa kutoka Kiingereza ni sahihi, lakini hakutoshi. Maelezo hayo hutaja mlango ambao neno limeingilia na kuiacha safari yake. Jina hilo lilitolewa Paris tarehe 5 Julai 1946 na Louis Réard, mhandisi aliyeingia katika biashara ya nguo, siku nne baada ya Marekani kulipua bomu la atomiki huko Bikini, katika Visiwa vya Marshall. Wakazi wake 167 walikuwa wamekwisha kuhamishwa mwezi Machi. Hakuna kitambaa wala mshono uliotoka Bikini. Kilichochukuliwa ni jina.

Ndiyo sababu si sahihi kuliweka fungu moja na merikani kwa hoja kwamba yote mawili ni majina ya mahali yaliyogeuka majina ya nguo. Merikani ilitoka kweli Marekani, hasa viwanda vya Massachusetts, ikapitia Zanzibar hadi bara katika karne ya 19. Neno hilo limehifadhi historia ya biashara. Bikini limehifadhi tangazo.

La kuvutia zaidi ni yaliyolipata neno baadaye. Katika Kimarshall, jina Pikinni huhusishwa na pik, 'uso wa nchi', na ni, 'nazi'. (Mwanafunzi asishawishike kuiona hapo -ni ya mahali ya Kiswahili.) Wabunifu wa mavazi walisikia bi- ya Kilatini, 'mbili', kwa kuwa vazi lina vipande viwili. Mwaka 1964 Rudi Gernreich akatoa monokini; zikafuata tankini, na burkini ya Aheda Zanetti wa Australia. Kipande -kini, kisichokuwa na maana yoyote, kikawa kiambishi. Kiswahili nacho kimefanya vivyo hivyo: ki ya kitabu ni sehemu ya mzizi wa Kiarabu, lakini tunasema vitabu, na kipilefti, lililotokana na agizo la Kiingereza kwa madereva kushika kushoto, lina wingi vipilefti. Ki ya bikini imenusurika kwa kukaa katikati ya neno.

Maana nayo imehama. Mjini Songea, mbali na bahari, bikini ni neno la muuza nguo za ndani kabla ya kuwa la mwogeleaji. Ukiteremka hadi Mbamba Bay, mwanamke anayeoga katika Ziwa Nyasa hujifunga kanga, na kanga hiyo haibadilishi jina kwa kuloa. Kidahizo chenye fasili moja tu ya 'vazi la kuogelea' kinaeleza ufukwe wa hoteli, si soko la Songea.