Mbwaa na Mwenendega: Masimulizi ya Asili katika Meru na Embu

Wameru, hasa wa Imenti, Tigania na Igembe, husimulia kwamba wahenga wao walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, walikotumikishwa na watu walioitwa Nguo Ntuni, hata Koomenjoe akawavusha. Jeffrey Fadiman, katika makala yake ya 1973 na kitabu chake cha 1993, aliyachukua masimulizi haya kuwa historia hasa, akakitafuta kisiwa na kukiona Manda, jirani na Lamu. J. Forbes Munro alikuwa amekwisha kuutilia shaka uhamaji huo wa kutoka pwani tangu 1967.

Kwa mwanafunzi wa lugha shaka hiyo ina uzito. Kimeru ni ndugu wa Kiembu, Kigikuyu na Kikamba, ilhali Kiswahili na Kimijikenda zimo katika kundi la Sabaki. Umma mzima ungalitoka Manda karne chache tu zilizopita, lugha yake ingalibaki na alama za wazi za huko. Jina la Nguo Ntuni nalo halisaidii: ntuni, yaani nyekundu, ni Kimeru, na nguo ni neno la Kibantu la kale lisilohitaji kukopwa pwani.

Hata hivyo si haki kuyaita masimulizi haya uongo. Yamkini kikundi kidogo kilifika na habari zake, kikamezwa na lugha ya wenyeji, kisha habari zikawa za wote. Tena Bernardi alionyesha mwaka 1959 jinsi habari za kuvuka maji zilivyofungamana na cheo cha Mugwe. Huu ndio ufunguo, na asakaye kisiwa katika ramani hupita bila kuuokota.

Waembu, ambao lugha yao ni jirani kabisa, hawaitaji bahari. Wao humtaja Mwenendega na mkewe Nthara, na kichaka chake kitakatifu kipo pale pale Embu. Ndugu wawili wa lugha moja, mmoja atoka majini, mwingine achipuka nyumbani! H.S.K. Mwaniki alitenda jambo la maana mwaka 1974 kwa kuchapisha ushahidi wa wazee mmoja mmoja badala ya kuufuma kuwa hadithi moja, kama alivyofanya Fadiman. Kasoro ni kwamba wazee hao wanasomwa kwa Kiingereza. Mahali waliporudia kauli ya kale neno kwa neno, na mahali walipojibu swali tu, hapatambulikani tena.