Kupandikiza Injini ya Dizeli Jabe

Kupandikiza injini ni kuitoa injini ambayo gari lilitoka nayo kiwandani na kuikalisha nyingine mahali pake. Injini ya Hilux ikirithiwa na Hilux nyingine, hiyo ni kazi ya spana tu, na kijana yeyote aliyekulia katika gereji za Bujumbura anaiweza. Huwa sanaa pale pikapu ndogo ya Toyota iliyokuja na injini ya petroli inapopewa TD27 ya Nissan au 4JB1 ya Isuzu, injini ambayo waliochora shasi ile hawakuiwaza hata siku moja. Tundu la bolti halikutani na tundu, usukani unagongana na bomba la moshi, sampu inakalia mhimili wa mbele. Mafundi wa Jabe, mtaa wa Bujumbura uliopakana na Buyenzi, ni watu wa kazi hiyo, na heshima wanayostahili ni kubwa kuliko wanayopewa.

Sababu ya kuhangaika hivyo ni mlima. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Taifa Namba 1 huondoka jijini na kupanda hadi Bugarama, kwenye mgongo unaogawa maji ya Kongo na maji ya Nile, zaidi ya mita 2,200, katika mwendo wa kilomita 35 hivi. Kabichi, karoti na viazi vya masoko ya jiji huteremka kwa njia hiyo. Pikapu ya petroli iliyojaa mchele na saruji huipanda barabara hiyo kwa makelele, gia ya pili kona baada ya kona. Ya dizeli huvuta kwa mizunguko michache, bila papara. Sababu ya pili ni uhaba wa mafuta ambao Burundi imeishi nao miaka hii ya karibuni. Mazutu, yaani mafuta ya dizeli, nayo huadimika, kwa hiyo dizeli haimwondoi mtu kwenye foleni. Lakini lita aliyoipata kwa shida humfikisha mbali zaidi.

Historia ya dizeli ni fupi kuisimulia. Rudolf Diesel aliiendesha injini yake kwa mafanikio huko Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Mwaka 1936 Mercedes-Benz ikaiweka katika gari dogo la abiria, 260 D. Katika nchi za Afrika zilizozungumza Kifaransa, dizeli ndogo ilijulikana kwa wengi kupitia Peugeot 404, ile pikapu yenye turubai nyuma ambayo Kenya iliendelea kuiunganisha hadi 1991. Kisha wakaja Wajapani. Hilux, iliyozaliwa 1968, ikatwaa barabara, na injini zilizotumika Japani zikaanza kuteremshwa kutoka kwenye makontena ya Dar es Salaam na kusafirishwa zaidi ya kilomita 1,400 hadi Bujumbura. Sanaa hii imelelewa na injini hizo zisizo na gari, zikikutana na magari yasiyo na injini.

Kuchagua injini ndiko kunakomtambulisha fundi kwanza. Njia rahisi ni kubaki ndani ya ukoo wa Toyota: 2L ya sentimita za ujazo 2,446, 3L ya 2,779, au 5L ya 2,986. Ni injini njema, ila zote tatu huendeshwa na mkanda wa taimingi, na mkanda uliosahaulika ukikatika, pistoni hukutana na valvu. Ndugu yao mwenye tabo, 2L-T, ana sifa mbaya ya kupasuka silinda hedi akipashwa moto kupita kiasi, na mlima wa Bugarama unapasha moto kweli. Ndiyo maana fundi mwenye kumbukumbu huiangalia TD27 kwa jicho la mapenzi. Ina sentimita za ujazo 2,663, ni nzito, ina kelele, haina haraka. Lakini kemshafti yake iko chini ndani ya bloku, na inazungushwa kwa gia, chuma kwa chuma, bila mkanda. 4JB1, yenye 2,771, nayo kwa kawaida ni ya gia, na hunyunyiza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo asubuhi huwaka bila kubembelezwa. Fundi makini pia huuliza injini imetoka kwenye gari gani, kwa sababu baadhi ya injini za malori madogo na mabasi huja na stata na hita plagi za volti 24, na pikapu ina betri moja ya volti 12.

Baada ya hapo ni kupima. Injini huteremshwa kwa kapi na mnyororo, ikaning'inizwa, ikatolewa, ikarudishwa. Kama sampu inagonga, hukatwa na kuchomelewa upya, na kichungio cha oili ndani yake huhamishwa kuifuata. Burundi huendesha upande wa kulia wa barabara, lakini magari mengi yametoka Japani na usukani uko kulia pia. Upande huohuo fundi hulazimika kupata nafasi ya bomba la moshi au ya stata. Maunti hukatwa kutoka pleti nene. Springi za mbele huongezewa nguvu, maana dizeli ni nzito kuliko injini iliyotoka. Haya yote yanahitaji jasho zaidi kuliko akili.

Akili iko kwenye kiungo. Injini ya Nissan lazima ishikane na giaboksi ya Toyota, na kati yao huwekwa pleti ya chuma iliyokerezwa, upande mmoja ikiwa na matundu ya huyu na upande wa pili matundu ya yule. Yeyote mwenye drili anaweza kutoboa matundu hayo. Jambo gumu ni kitovu. Shafti ya giaboksi huingia katika beringi ndogo iliyo mwishoni mwa krankshafti, na vitu hivyo viwili, vilivyotengenezwa na viwanda viwili, lazima vizunguke juu ya mstari mmoja. Kosa likizidi unene wa karatasi moja ya daftari, karibu sehemu ya kumi ya milimita, gari litawaka, litaondoka, litasifiwa. Baada ya miezi beringi italia, klachi itaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, sili ya giaboksi itavuja oili, na mwenye gari atadhani ameuziwa giaboksi mbovu.

Viwandani kitovu hupimwa kwa geji ya saa. Fundi asiye nayo hutumia waya. Hufunga kipande cha waya mgumu kwenye flaiwili, akakipinda hadi ncha yake iukaribie ukingo wa tundu kubwa la katikati ya pleti, kisha akaizungusha injini kwa mkono, polepole, kwa spana iliyoshika puli ya mbele. Ncha ya waya huuzunguka ukingo wote. Fundi huinama, jicho kwenye ule upenyo, huku mwanafunzi akishika tochi. Mahali upenyo unapopungua, pleti husogezwa kwa pigo dogo la nyundo ya mti. Wanazungusha tena. Upenyo ukilingana juu, chini, kushoto na kulia, ncha hukaribishwa zaidi na kazi huanza upya, hadi waya na chuma viwe vinaachana kwa nafasi ambayo jicho linaiona kwa shida.

Hakuna anayezungumza wakati huo, wala simu haipokelewi. Upenyo ukishalingana, bolti hukazwa, na hapo fundi wa kweli hufanya jambo ambalo wengi huliruka: hutoboa matundu mawili zaidi, akapigilia pini mbili za kuongozea, zilizobana barabara. Bolti hushika, lakini haziongozi. Matundu yake yana nafasi. Bila pini, siku giaboksi itakapoteremshwa kubadilishwa klachi, kazi yote ya waya itapotea, na fundi mwingine, pengine huko Gitega au Rumonge, hataweza kuirudisha. Pini mbili hizo ni hisani kwa mtu ambaye fundi hatamjua kamwe. Gari likishafungwa hakuna anayeziona, hakuna anayezilipia, na ndizo kipimo bora cha ufundi kuliko rangi au mlio wa injini.

Yanayofuata ni mengi na yanaenda haraka. Propela shafti hufupishwa au kurefushwa, ikasawazishwa. Geji ya mizunguko ya petroli hufa, kwa kuwa dizeli haina koili ya kuisomesha. Difu ya petroli, ikiachwa, huifanya pikapu ikimbie kidogo na kuunguruma sana kwenye tambarare ya kwenda Cibitoke, kwa sababu dizeli hizi haziendi mbali zaidi ya mizunguko 4,000 na kitu kwa dakika.

Breki ndizo za kutua na kuangalia. Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia manifoldi, na mfyonzo huo ndio unaoipa busta ya breki nguvu. Dizeli haina mfyonzo huo. Inahitaji pampu ya vakyumu, ambayo kwenye TD27, na kwenye L za Toyota vilevile, imefungwa nyuma ya alternata. Fundi mwenye haraka hufunga alternata yoyote aliyoipata, taa zinawaka, betri inachaji, kila mtu anafurahi. Pikapu hiyo hupanda Bugarama vizuri kabisa. Hatari ni kurudi: zaidi ya mita 1,400 za mteremko, tani moja ya viazi nyuma, baiskeli za wabeba ndizi kando ya lami, na pedeli ngumu chini ya mguu. Kusahau pampu ile si kosa dogo la kiufundi. Ni kosa la roho za watu.

Ufundi huu unapungua, na haupungui kwa kukosa magari. Zamani mwanafunzi alishika tochi ya fundi miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuugusa waya; leo ataka alipwe wiki ya kwanza, na njaa ya mjini inampa haki ya kutaka hivyo. Mwenye gari naye anataka pikapu yake kesho, kwa sababu mkopo haumsubiri. Pleti inakatwa nyembamba, kitovu kinakisiwa kwa macho, maunti inachomelewa juu ya kutu. Hilux zilizoanza kuja katikati ya miaka ya 2000 zimeongeza ugumu mwingine: injini zao za 1KD na 2KD husukuma mafuta kwa zaidi ya bar 1,000 chini ya amri ya kompyuta, na kompyuta hiyo haikubali kuhamia gari jingine bila nyaya zake, sensa zake na hata funguo zake. TD27 iliamini mikono. Kila mwaka zinazobaki zikiwa nzima ni chache, na mafundi wanaozijua wanazeeka pamoja nazo bila kuandikiwa hata ukurasa mmoja wa walichokigundua. Shule za ufundi hufundisha injini moja moja. Hakuna inayofundisha namna ya kuozesha mbili zisizojuana.

Kwa hiyo mwenye pikapu anayekwenda Jabe kutafuta dizeli aombe kuziona pini mbili kabla giaboksi haijafungwa, akague pampu ya vakyumu kwa mkono wake mwenyewe, ampe fundi siku zote anazoziomba, na amalizie malipo gari likishapanda Bugarama na kushuka na mzigo.