Beseni la Nta

Katika chumba cha fiziotherapia, mashine zenye taa na milio ndizo huvuta macho ya wageni. Mimi huvutwa na beseni la nta. Ni sanduku la chuma lenye mfuniko, na ndani yake mna nta ya kutengenezea mishumaa iliyoyeyushwa pamoja na mafuta laini, joto lake likiwa kati ya nyuzi 50 na 54. Maji ya nyuzi 54 huweza kukuunguza kabla dakika haijaisha. Nta huvumilika kwa sababu hupitisha joto polepole, na tabaka la kwanza likishaganda huikinga ngozi na yanayofuata.

Ufundi huanza kabla mkono haujazama. Mtaalamu huulizia kisukari, hutafuta vidonda, huvua pete. Kisha humwambia mgonjwa afumbe macho, akamgusisha vichupa viwili, kimoja cha maji moto na kingine cha baridi. Asiyeweza kuvitofautisha haingii kwenye nta, hata aombe vipi, maana mkono wenye ganzi hauwezi kumwambia kwamba unaungua. Anayefaulu huoshwa mkono na kukaushwa mpaka katikati ya vidole, kwani tone la maji likinaswa chini ya nta hubabua.

Sasa mkono unashuka, vidole vimeachana kidogo. Unatoka, unasubiri nta ipoteze mng'ao, unashuka tena, mara nane hadi kumi. Fundi mzuri hapa haondoi macho. Kidole kikikunjwa, tabaka linapasuka. Mkono ukizama kupita pale ulipofika mara ya kwanza, nta ya moto hupenya chini ya ile iliyoganda. Baadaye mkono hufungwa plastiki na taulo, ukapumzishwa dakika 15 hadi 20.

Wengi hudhani tiba imeishia hapo, kwa kuwa maumivu yametulia. Lakini tafiti za mikono yenye baridi yabisi zilionyesha nafuu ya muda mfupi pale nta ilipoambatana na mazoezi. Nta peke yake haikutosha. Ndiyo maana nayaheshimu zaidi yanayofuata.

Nta ikibanduliwa hakuna kupiga soga, kwa kuwa tishu zenye joto hunyumbulika vizuri kwa dakika chache tu. Tuseme ni vidole vilivyokakamaa baada ya kutolewa hogo. Mtaalamu huvishughulikia kiungo kwa kiungo: mkono mmoja unatuliza mfupa wa nyuma, mwingine unasukuma wa mbele taratibu mpaka unapogoma. Hapo hutulia, hashtui wala hadundishi, huku akiusoma uso wa mgonjwa. Huulegeza, kisha hurudia. Akimaliza hupima pembe, akaandika nyuzi zilizoongezeka.

Nta ile iliyobanduliwa, ingali laini, hupewa mgonjwa aifinyange kiganjani. Nyumbani ataendelea kwa kukamua kitambaa ndani ya maji ya uvuguvugu, mara kadhaa kila siku, hadi miadi ijayo.