Luteni Dallas Kaniteka: Mauaji na Mahaba katika New York ya 2058

Nimefunga Naked in Death na papo hapo nikafungua Glory in Death, bila hata kuinuka kunywa maji. Jamani! Wewe unayependa riwaya za upelelezi, na wewe unayependa hadithi za mapenzi, na hasa wewe unayezipenda zote mbili na siku zote umelazimishwa kuchagua upande, weka kando unachosoma sasa hivi. Mfululizo wa Luteni Eve Dallas umekuwepo tangu 1995, una vitabu zaidi ya 60, na mimi ndiyo kwanza naingia mlangoni. Najiona nimeokota hazina.

Jina lililo kwenye jalada ni J.D. Robb, lakini mwenyewe ni Nora Roberts, mama wa Maryland aliyeanza kutoa riwaya za mapenzi mwaka 1981 na akawa malkia wa fani hiyo Marekani. Alikuwa akiandika kwa kasi iliyowashinda wachapishaji kuvitoa vitabu vyote kwa jina moja, ndipo likatafutwa jina la pili. J na D ni herufi za wanawe, Jason na Dan, na Robb imekatwa kutoka Roberts. Nilidhani nitakutana na mwandishi wa mahaba aliyevaa koti la polisi la kuazima. La hasha! Huyu mama anajua kuua. Anajua maiti inavyokaguliwa, anajua uchovu wa askari aliyekesha, anajua jinsi faili la kesi linavyonenepa huku jibu likizidi kwenda mbali.

Tazama anavyoanza. Eve anazinduka gizani kutoka kwenye jinamizi. Usiku uliopita alifika kwenye nyumba moja akiwa amechelewa kidogo tu, mtoto mdogo akawa ameshauawa, naye akampiga muuaji silaha na kumaliza maisha yake. Sheria ya jeshi la polisi la New York ya wakati huo inataka askari aliyeua apitishwe kwenye vipimo vya akili na mwili kabla ya kuendelea na kazi. Eve anaviogopa vipimo hivyo kuliko anavyoogopa risasi, kwa sababu vitachimba mambo aliyoyazika. Kabla hajavifikia, simu inalia. Kuna maiti. Twende kazini! Kurasa chache tu, na tayari nilikuwa nimemjua mwanamke huyu vizuri zaidi kuliko wapelelezi wengine niliotembea nao vitabu vizima.

Marehemu ni Sharon DeBlass, msichana mrembo, mjukuu wa seneta wa Virginia anayehubiri maadili mchana kutwa. Na kazi yake? Alikuwa akiuza mwili, kwa leseni halali ya serikali, maana katika dunia hii ya 2058 biashara hiyo inaendeshwa kwa kanuni, wenye kuifanya wakipimwa afya kama sheria inavyotaka. Ameuawa kwa bastola. Hapo ndipo nilipoketi wima. Katika New York ya Robb, bunduki na bastola zimepigwa marufuku kwa raia na zimebaki kuwa vitu vya kale, vya kuwekwa kwenye makabati ya vioo na matajiri wenye kibali. Polisi wenyewe hubeba silaha za leza. Kwa hiyo tundu la risasi, ambalo katika riwaya nyingine ni jambo la kila siku, hapa linawashangaza hata wapelelezi wazoefu. Muuaji amerekodi tendo lake na kumtumia Eve picha zenyewe, na ameacha ujumbe unaoonyesha kwamba ameanza kuhesabu na atakoma akifika sita. Nani anamiliki bastola za kale? Nani anajua kuzitumia? Orodha inakuwa fupi sana, na juu yake lipo jina moja.

Roarke. Hilo tu, halina jina la pili. Mtoto wa vichochoro vya Dublin, mwizi wa zamani, sasa bilionea mwenye majengo, viwanda na hoteli duniani na hata huko nje ya dunia. Alimfahamu marehemu. Anakusanya silaha za kale. Ana akili za kutosha kufuta nyayo zake. Kila kipande cha ushahidi kinamwelekea yeye, na luteni wetu, aliyeapa kuwasimamia waliokufa, anajikuta moyo wake nao unamwelekea huyo huyo.

Mapenzi katika riwaya hii hayaisimamishi kesi ili tupumzike kidogo na mabusu, kama ambavyo ningetarajia. Mapenzi yenyewe ni uchunguzi! Eve hajui kumwamini mtu. Anajua kukusanya ushahidi tu. Basi anampeleleza Roarke kwa pande zote mbili, kama mshukiwa na kama mwanamume, na kila jibu analotoa linapimwa mara mbili. Je, amesema kweli kuhusu usiku ule? Je, anamaanisha anachosema anapomtazama vile? Ukurasa mmoja unafanya kazi mbili. Akipata jambo la kumsafisha kwenye kesi, moyo unajifungua kidogo. Akipata la kumtia hatiani, unajifunga tena, nawe msomaji unaminywa katikati. Ukiyatoa mapenzi, kesi inaanguka. Ukiitoa kesi, hawa wawili hawana njia yoyote ya kufahamiana. Sijawahi kuona fani hizi mbili zikisukwa namna hii.

Niwape tukio moja tu. Wanakutana Virginia kwenye mazishi ya Sharon, kisha wanarudi New York pamoja kwa usafiri wake wa kifahari. Eve amevaa suti yake ya kijivu, ya pekee aliyonayo, haimkai vizuri. Roarke anamkaribisha kahawa. Kahawa ya kweli, ya buni! Katika karne hiyo buni ni adimu na ghali kiasi kwamba askari wa kawaida hunywa maji meusi ya soya kituoni na kuyaita kahawa kwa heshima tu. Eve anaonja, na mwandishi anatuonyesha uso wa mwanamke mgumu ukilainika kabla hajawahi kuudhibiti. Roarke analiona hilo. Haishii hapo: baadaye anamtumia mfuko wa kahawa nyumbani, wala si almasi wala maua. Na kifungo! Kifungo cha ile suti kimekatika na kuanguka kwenye gari lake, naye anakiokota, anakitia mfukoni, hakirudishi. Tajiri anayeweza kununua mtaa mzima anatembea na kifungo cha suti mbaya mfukoni mwake. Nilipofika hapo nilipiga kelele peke yangu. Nasikia kifungo hicho bado kimo mfukoni vitabu kadhaa mbele, na nitasoma vyote ili nikifuatilie.

Kwa Mswahili hasa, aliyekulia penye kahawa ya kibarazani ya vikombe vidogo, ile hofu ya dunia isiyo na buni inauma kweli kweli. Huo ndio werevu wa Robb katika kuujenga wakati ujao. Hatuchoshi na maelezo ya mitambo. Vipo vyombo vya jikoni vinavyotoa chakula kwa kubonyeza, zipo roboti zenye sura za watu, yapo matangazo yanayoelea angani juu ya barabara, vipo vikokoteni vya mtaani vinavyouza soseji za soya, na simu za mkononi zinazoonyesha uso wa unayezungumza naye. Hayo ya simu aliyaandika 1995, fikiria! Na nyuma ya yote kuna kivuli cha vita vya mijini vilivyopiganwa kabla ya Eve kuwa askari. Vinatajwa kwa kupita tu, kama wazee wanavyotaja njaa waliyoiona, na kwa sababu hiyo unaviamini.

Lazima niseme waziwazi kwamba kitabu hiki si cha kila rika. Mapenzi yake ni ya chumbani na milango iko wazi. Zaidi ya hapo, yale mambo aliyoyazika Eve ni ya kutisha. Aliokotwa akiwa mtoto wa miaka minane kwenye kichochoro cha Dallas, Texas, amevunjika mkono, amenajisiwa, hakumbuki hata jina lake. Hilo alilonalo alipewa na ustawi wa jamii, na mji ukawa ubini wake. Robb halitumii jambo hili kwa kutafuta machozi ya bure. Linarudi kidogo kidogo, kwa ndoto, kwa harufu, kwa namna Eve anavyosimama juu ya maiti ya mwanamke asiye na wa kumsemea. Anapomtetea Sharon unaelewa kwa nini hawezi kuacha, hata wakubwa wakimkanya, hata seneta akitishia.

Waliomzunguka nao nimewapenda. Feeney, kapteni wa kitengo cha upelelezi wa kielektroniki, mzee aliyemfundisha kazi, huwa na lozi za sukari na anazitafuna huku akichambua diski. Mavis, mwimbaji wa klabu mwenye nywele zinazobadilika rangi, alifahamiana na Eve kwa kukamatwa naye, na sasa ni shoga yake wa pekee! Dakta Mira anapima akili za askari kwa upole unaomtia Eve hofu. Summerset, msimamizi wa nyumba ya Roarke, anamtazama Eve kama matope yaliyoingia kwenye zulia, na kila wakikutana mlangoni nilikuwa tayari nimeanza kucheka.

Kuna mahali nilikunja uso. Roarke katika kumfuata Eve ana ung'ang'anizi ambao leo mwandishi angeupunguza. Mara mbili tatu nilitaka amwachie nafasi ya kupumua. Utajiri wake pia umezidi kipimo, kila mlango ni wake, kila jengo ni lake. Na Eve kulala na mshukiwa wa kesi anayoiongoza ni kosa kubwa la kazi, ambalo kitabu kinalijua na kulitaja, ila kingeweza kumtoza zaidi. Nimeyasema. Hayakunipunguzia hata robo ya raha.

Nimelelewa na upelelezi wetu wenyewe: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla na kiko chake, Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, Willy Gamba wa Elvis Musiba aliyeruka mipaka ya Afrika na roho mkononi. Nawapenda wote mpaka kesho. Lakini kwa Gamba mapenzi ni ya usiku mmoja, asubuhi kuna ndege ya kuwahi, na Bwana Msa hana habari na mambo hayo kabisa. Kumwona mpelelezi ambaye anaingia kwenye penzi na kubaki humo, ambaye lazima aamke asubuhi na mtu yule yule na kubishana naye juu ya kesi, kwangu ni kitu kipya. Nina hamu kubwa ya kuona mwandishi wetu mmoja akithubutu: Luteni wa kike, Dar es Salaam au Mombasa ya 2058, vivuko vinavyokwenda vyenyewe, na mshukiwa mwenye tabasamu.

Kwa sasa niko Glory in Death. Mwendesha mashtaka mashuhuri, Cicely Towers, ameuawa kwa kukatwa koo mvua ikinyesha, na jina la Roarke limejitokeza tena miongoni mwa watu waliomfahamu. Tena! Ameingia pia askari kijana wa sare, Delia Peabody, sare imenyooka kama rula, na kila aliyenitangulia kwenye mfululizo huu akisikia jina hilo anatabasamu bila kuniambia kwa nini. Wananidokeza jambo moja tu, kwamba vitabu vyote hivyo sitini na ushee vinachukua miaka mitatu tu hivi ya maisha ya Eve, kutoka 2058 hadi 2061. Maana yake ni kwamba hakuna kurukishwa: tutaona kila ugomvi, kila kesi, kila kikombe. Wanaopenda kusikiliza kuliko kusoma watamkuta Susan Ericksen kwenye toleo la sauti, na anavyompa Roarke lafudhi ya Ireland, aisee! Ila anzeni na cha kwanza, msirukie katikati hata mkikipata kwa bei ya kutupa, maana kile kifungo kinaanguka mara moja tu.