Kariakoo Kutoka Ghorofa ya Saba

Jamani, nimelala Kariakoo! Nimekuja hapa mara ambazo sizihesabu, na kila mara nilikuja kama tunavyokuja wote: pesa imefichwa, orodha ya vitu mkononi, macho kwenye saa, na kabla jua halijazama nimeshatoroka na mifuko yangu. Safari hii nimekodi apatimenti ya chumba na sebule, ghorofa ya saba, katikati kabisa ya mitaa hii. Ndugu zangu wa Dodoma wameona nimechanganyikiwa. Alhamisi jioni nimeshuka kwenye treni ya SGR hapa Dar es Salaam, bajaji imenifikisha baada ya dakika chache, nimepandisha begi kwa lifti na kufungua mlango wa roshani.

Paa la Soko Kuu lilikuwa chini yangu!

Miaka yote hii nimepita pembeni ya jengo lile nikitazama nyanya na vitunguu. Sikuwahi kuinua shingo. Kumbe kule juu nguzo za zege zinachanua kama miavuli mikubwa iliyogeuzwa, mwavuli baada ya mwavuli, ili zipokee mvua kama faneli. Aliyelichora ni Mtanzania, Beda Amuli, na soko lilifunguliwa mwaka 1975. Moto ule wa Julai 2021 uliliunguza vibaya, sote tulitazama picha kwa uchungu. Lakini umbo lile bado limesimama, na jengo jipya la ghorofa limepanda ubavuni mwake. Nimekaa nalitazama mpaka taa za mtaa zikawaka na chai yangu ikapoa.

Nyumba yenyewe nitaisifu kwa haraka: safi, jiko la gesi lina mtungi uliojaa, maji hayajakatika hata mara moja, umeme wa Luku unanunua mwenyewe kwa simu. Kelele zipo, tena nyingi. Mwenye usingizi mwepesi aombe chumba cha nyuma. Mimi nimeomba cha mbele na sijutii.

Kwa sababu Kariakoo ina saa zake, na anayekuja mchana tu anaona moja. Saa kumi na moja alfajiri adhana inaanza msikiti mmoja, inajibiwa na mwingine, kisha kimya kidogo, halafu magurudumu ya mikokoteni. Hakuna sauti nyingine. Ghafla milango ya chuma ya maduka inapandishwa, mmoja, mitatu, ishirini, na ukirudi kutoka jikoni na kikombe chako mtaa umeshajaa. Turubai zimetandazwa, meza zimepangwa, machinga wameanza kuita, kirikuu imekwama baina ya guta mbili na kila mtu anatoa ushauri.

Nimeshuka. Hapo kona muuza kahawa ana birika lake juu ya jiko dogo la makaa, anagonganisha vikombe, ki-ki, ki-ki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa, utapigwa na mzigo."

Ameniwahi! Nyuma yangu walikuwa wanapita wanaume wanne, kila mmoja na robota kichwani, wanapaza sauti, "Pisha! Pisha!" Nimebana mgongo ukutani, kashata mkononi, na hapo ndipo jina la mahali hapa limeniingia. Waingereza walipoutwaa mji huu kwa Wajerumani mwaka 1916, eneo hili likawa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi. Ni watu waliobeba risasi, unga na majeruhi mgongoni, porini, kwa miguu, na makumi ya maelfu yao wakafa, wengi kwa maradhi. Ulimi wetu ukalilainisha jina: Kariakoo. Ukivuka Mnazi Mmoja kuingia mjini unaikuta Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, imeshika bunduki. Naiheshimu. Lakini kumbukumbu ya wapagazi naona iko huku, kwa wale wanne waliopita na shingo zao zimesimama wima kama mhimili.

Basi nikafuata kanga Mtaa wa Uhuru, na hapo nimepoteza nusu siku kwa furaha! Duka jembamba, rafu hadi dari, na dada mwenye duka anazishusha doti moja moja, anaipiga hewani mara moja, inafunguka, anayasoma maandishi yake kwa sauti, anaikunja, anachukua nyingine. Nimemwambia nataka ya kijani. Ameniangalia kwa huruma.

"Dada, rangi inapauka. Chagua maneno kwanza."

Tukaanza upya. Kanga ina pindo lake pande zote, ina jina, yaani maneno yake, na sehemu ya katikati inaitwa mji. Nimevaa kanga tangu nazaliwa na neno hilo, mji, sikuwahi kulitilia maanani. Kidole chake kilikuwa kinazunguka pindo jekundu, kinaingia katikati kwenye maua meusi, "huu ndio mji wenyewe," anasema, na mimi nashindwa kumjibu kwa raha niliyoisikia. Nimechukua hiyo. Maneno yake ni siri yangu na mama yangu, ndiye atakayeivaa.

Jumapili, nawasihi, amkeni mapema mtembee! Maduka mengi yamefungwa na ndipo unaziona nyumba zenyewe. Baina ya maghorofa ya vioo zimebaki nyumba chache za Kiswahili, bati limeshika kutu, korido katikati, vyumba huku na huku, baraza ya saruji mbele iliyosuguliwa na makalio ya vizazi hadi inang'aa. Nimetembea kwa mguu kutoka makao ya klabu ya soka ya Simba, Mtaa wa Msimbazi, mpaka ya Yanga pale Twiga na Jangwani, na sikutoka hata jasho la maana. Utani wote ule unaogawa nchi nzima, na wenyewe ni majirani wa kuombana chumvi!

Usiku ni mishikaki, moshi, chipsi mayai ikilia kwenye kikaango, na watoto wa ghorofani wakishuka na sahani zao kununua. Muuzaji anajua nani hali pilipili.

Nilipanga kuondoka kesho asubuhi. Lakini doti ya mama iko kwa fundi cherehani wa barazani hapa chini, anaikata na kuipinda, na ameniambia niifuate Jumanne. Nimeshampigia mwenye nyumba, nimeongeza siku mbili.